Jongoo Bahari na Mchanga Unaopita Tumboni Mwake

Miongoni mwa wanyama wasio na uti wa mgongo wanaoishi katika bahari za tropiki, ni vigumu kumpata aliyedharauliwa zaidi na watu wanaomwona kila siku, na kutafutwa zaidi na watu wasiowahi kumwona akiwa hai, kuliko jongoo bahari, ambaye katika sehemu nyingine za pwani ya Afrika Mashariki huitwa kojojo. Wenyeji wa pwani hiyo kwa kawaida hawamli. Humkuta amelala mchangani maji yanapokupwa, laini, mzito, asiyekimbia wala kuuma, wakampita. Lakini akishapasuliwa, akatolewa matumbo, akachemshwa na kuanikwa juani hadi akauke, husafirishwa hadi Hong Kong na miji ya China, ambako kilo moja ya aina zilizo bora huuzwa kwa mamia ya dola za Marekani, kwa kuwa huko huhesabiwa kuwa chakula cha karamu na kirutubisho cha mwili. Kati ya dharau ya huku na tamaa ya kule, kwa muda mrefu ni wachache waliojiuliza mnyama huyu anafanya kazi gani hasa baharini. Utafiti wa miongo michache iliyopita umeanza kulijibu swali hilo, na majibu yake yanawahusu wavuvi, wakulima wa mwani na kila anayekula samaki wa mwambani.

Ingawa jina lake linamfananisha na jongoo wa shambani, wawili hao hawana udugu. Jongoo bahari yumo katika kundi liitwalo ekinodemu, neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha wenye ngozi ya miiba, ambamo yumo pia kiti cha pweza. Kundi hili lote huishi katika maji ya chumvi, wala hakuna hata spishi moja, yaani aina moja ya viumbe wanaozaana wao kwa wao, iliyohamia nchi kavu. Kiti cha pweza huonyesha waziwazi jinsi miili ya kundi hili ilivyopangwa, yaani sehemu tano zinazozunguka kitovu kimoja. Kwa jongoo bahari mpango huohuo upo, ila umerefushwa na kulazwa ubavu, mdomo ukawa mbele na njia ya haja ikawa nyuma. Hana ubongo, bali ana pete ya neva inayozunguka mdomo, na spishi nyingi hutambaa kwa vijiguu vingi vinavyosukumwa na shinikizo la maji lililomo katika mifereji ya mwili. Spishi zaidi ya 1,700 zimekwisha kuelezwa na wanasayansi, kuanzia zile za ufukweni hadi za vilindi vya bahari kuu, lakini zinazovuliwa kwa biashara ni chache tu, na nyingi kati ya zile zenye bei kubwa huishi katika maji ya tropiki yasiyo na kina kirefu.

Ndani ya mwili huo mna mambo ya kustaajabisha. Jongoo bahari wengi huvuta maji kupitia njia ya haja na kuyaingiza katika matawi mawili yaliyomo ndani ya mwili, ambayo huchukua oksijeni kutoka katika maji hayo kama mapafu yanavyoichukua kutoka hewani. Na kwa kuwa mlango huo hufunguka na kujifunga tena na tena, wako samaki wembamba wa jenasi ya Carapus wanaopenya humo na kufanya tumbo la mwenyeji wao kuwa nyumba. Ngozi yake imejengwa kwa nyuzi za kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi na kano hata katika mwili wa binadamu, lakini kwa mnyama huyu nyuzi hizo hushikamana au kuachiana kwa amri ya neva, ndiyo maana aliyekuwa mgumu kama mpira mkononi mwa mvuvi huweza kulainika kiasi cha kupenya katika ufa mwembamba wa jiwe. Zikisumbuliwa sana, spishi kadhaa hurusha nyuzi zenye gundi zinazomnasa adui, na nyingine hutupa nje matumbo yao, ambayo huota upya katika muda wa wiki chache. Katika Chuo Kikuu cha Puerto Rico, José García-Arrarás na wenzake wametumia miaka mingi kuchunguza jinsi utumbo wa spishi ya Holothuria glaberrima unavyojijenga tena, wakitafuta kuelewa ni seli zipi zinazoanza kazi hiyo na kwa nini wanyama wengi wenye uti wa mgongo hawaiwezi.

Hata hivyo, jambo kubwa zaidi kuhusu jongoo bahari halimo katika mwili wake bali katika mchanga unaoupitia. Spishi nyingi za tropiki hula kwa kuzoa mchanga kwa minyiri iliyo mdomoni, kumeng'enya bakteria, mwani mdogo sana na mabaki ya viumbe yaliyoshikamana na chembe zake, kisha kuutoa nyuma ukiwa umesafishwa. Mwaka 2021 watafiti wa Australia waliochunguza mwamba wa Kisiwa cha Heron, katika Mwamba Mkuu wa Matumbawe, walichapisha hesabu waliyoipata kwa kuunganisha picha zilizopigwa na droni na vipimo vya kinyesi cha mnyama mmojammoja: jongoo bahari zaidi ya milioni 3 wa mwamba huo mmoja hupitisha tumboni zaidi ya tani 64,000 za mchanga kila mwaka. Kazi hiyo ni sawa na kulima. Mchanga uliogeuzwa hupata hewa, mabaki yanayooza hupungua, na virutubisho vilivyokuwa vimefungiwa chini hurudi majini ambako mwani na majani ya bahari huvitumia.

Zaidi ya hayo, mchanga wa sehemu nyingi za matumbawe ni chokaa, yaani vumbi la matumbawe na makombe yaliyosagika, na tumboni mwa jongoo bahari sehemu ya chokaa hiyo huyeyuka. Vipimo vilivyofanywa katika mwamba wa One Tree, usio mbali na Heron, na kuchapishwa mwaka 2011 vilionyesha kwamba huenda wanyama hawa peke yao wanahusika na karibu nusu ya chokaa yote inayoyeyuka mwambani hapo wakati wa usiku. Mtu anaweza kudhani kwamba huo ni uharibifu, lakini ndani ya mwamba ulio hai chokaa hiyo haipotei: hurudi majini katika umbo ambalo matumbawe yanaweza kulitumia tena kujenga mifupa yao, na pamoja nayo hutoka amonia, ambayo ni mbolea kwa mwani mdogo unaoishi ndani ya matumbawe na kuyalisha.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulitoka Moorea, katika visiwa vya Polinesia ya Ufaransa. Huko Cody Clements na Mark Hay, wa Taasisi ya Teknolojia ya Georgia nchini Marekani, waliondoa jongoo bahari katika vipande fulani vya mchanga, wakawaacha katika vipande vingine, kisha wakapanda matumbawe kote na kuyafuatilia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalikuwa wazi mno: pale ambapo hapakuwa na jongoo bahari, uwezekano wa matumbawe kufa ulikuwa mara 15 zaidi, na ugonjwa ulianzia chini, mahali tumbawe linapogusa mchanga. Maelezo wanayoyatoa ni kwamba mchanga usioliwa hujaa mabaki yanayolea vijidudu vya maradhi, na jongoo bahari huyaondoa mabaki hayo kabla hayajafikia hatua hiyo. Jaribio hili linastahili kujulikana katika kila kijiji cha wavuvi, kwa sababu linaunganisha moja kwa moja mnyama anayeokotwa mchangani na uhai wa mwamba ambao changu, chewa na pweza huutegemea.

Ikiwa umuhimu wake ni mkubwa kiasi hicho, kwa nini elimu kumhusu imechelewa? Sababu moja ni kwamba mwili wake haupimiki kwa urahisi. Samaki ana jiwe dogo ndani ya sikio lenye pete za kuhesabia umri, na kome ana gamba lenye mistari, lakini jongoo bahari hana kipande chochote cha namna hiyo; urefu wake hubadilika anapojikunja na uzito wake hubadilika kwa kadiri ya maji na mchanga uliomo tumboni. Alama anayochomekwa huitoa nje ya mwili baada ya muda, kwa hiyo ni vigumu kumtambua yuleyule mwaka ufuatao. Hata kumtaja kwa jina lake sahihi kunahitaji hadubini, kwa kuwa rangi na umbo hudanganya, na mtaalamu hulazimika kuyeyusha kipande cha ngozi ili abaki na vijiwe vya chokaa vilivyotawanyika humo, vingine vikiwa na umbo la vifungo vya shati na vingine la vimeza vidogo, ambavyo kila spishi ina vya kwake. Ni kwa njia hiyo kwamba mwaka 2001 Yves Samyn, Claude Massin na Nyawira Muthiga walieleza spishi mpya kutoka Kenya, Holothuria arenacava, ambayo baadaye Muthiga alichunguza uzazi wake katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, akiangalia jinsi mwanga na joto la maji vinavyohusiana na kukomaa kwa mayai.

Uzazi ndio kiini cha suala la uvuvi. Kwa spishi nyingi zinazouzwa, dume na jike hawapandani. Kila mmoja huinua sehemu ya mbele ya mwili na kumwaga mbegu au mayai majini, na utungisho hutokea huko nje, iwapo mbegu zitayakuta mayai kabla ya mkondo kuzitawanya. Jike mmoja huweza kutoa mamilioni ya mayai, na wingi huo huwafanya watu waamini kwamba mnyama huyu hawezi kwisha. Imani hiyo ni kosa. Jike aliye peke yake, mbali na dume aliye karibu zaidi kwa makumi ya mita, humwaga mayai bure. Kwa hiyo eneo linaweza kuwa bado na majongoo wakubwa wenye afya na lisipate hata kizazi kimoja kipya. Wale wachache wanaotungwa huelea majini kwa muda wa wiki mbili hivi wakiwa viluwiluwi wasioonekana kwa macho, na wale wa jongoo mchanga, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Holothuria scabra, hutua juu ya majani ya bahari kabla ya kushuka mchangani, hivyo palipong'olewa majani hayo pamepotea pia malezi yao.

Kutokana na hali hiyo, uvuvi wake umefuata njia moja karibu kila mahali. Huanza kwa kuokota wakati wa bamvua, kazi ambayo Afrika Mashariki hufanywa sana na wanawake na watoto. Wanyama wakipungua ufukweni, wanaume huzamia kwa miwani, kisha kwa mitungi ya hewa, wakimfuata jongoo bahari aitwaye pauni na aina nyingine za bei kubwa katika vilindi ambavyo zamani vilikuwa kimbilio. Steven Purcell wa Chuo Kikuu cha Southern Cross nchini Australia, akishirikiana na wataalamu wengine akiwemo Mfaransa Chantal Conand aliyefanya kazi kwa miaka mingi kisiwani Réunion, alionyesha kwamba spishi 16 ziko katika hatari ya kutoweka, na kwamba kinachoiweka spishi hatarini zaidi ni bei yake. Mwaka 2019 nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, ziliingiza spishi tatu za kundi la pauni katika Kiambatisho cha Pili, ambacho huitaka nchi inayouza nje ithibitishe kwamba mauzo hayo hayadhuru uhai wa spishi.

Tumaini la wengi limewekwa katika ufugaji. Vifaranga vya kwanza vya jongoo mchanga vilizalishwa mwaka 1988 huko Tuticorin, kusini mwa India, na tangu hapo mbinu hiyo imeenea. Kusini-magharibi mwa Madagaska, karibu na mji wa Toliara, wanavijiji wa jamii ya Wavezo hununua vifaranga kutoka katika kituo cha kutotolesha, huviweka ndani ya nyua za nyavu zilizojengwa ufukweni, na huvuna usiku wanyama wanapotoka mchangani. Zanzibar, ambako kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989 na hufanywa zaidi na wanawake, yamefanyika majaribio ya kumfuga jongoo mchanga chini ya mwani uleule, ili mashamba yatoe mazao mawili. Juhudi hizo zinastahili kuungwa mkono, lakini zisichukuliwe kuwa mbadala wa hifadhi, kwani jongoo mchanga ni spishi moja tu, hufungwa katika eneo dogo, na huvunwa mara anapofikia uzito wa kuuzwa, ilhali mwamba unahitaji spishi nyingi zinazokula mahali mbalimbali, usiku na mchana, mwaka hadi mwaka.

Kwa wanaosimamia uvuvi, utafiti huu unatoa hukumu isiyofurahisha. Kulifunga eneo baada ya majongoo kwisha hakuleti matokeo ya haraka, kwa sababu waliosalia wako mbalimbali mno kuzaana, na yako maeneo duniani yaliyofungwa kwa miaka mingi bila wingi wa zamani kurejea. Eneo linapaswa kufungwa wakati bado wapo wengi na wamelala karibukaribu, yaani wakati ule ambao mvuvi na mnunuzi hawaoni sababu yoyote ya kulifunga.