Usiulize mvua ya Kerugoya, uliza ya Chuka

Kila mwaka ikifika Oktoba, simu yangu hulia kabla ya alfajiri. Ni ami yangu wa Kipini. Salamu hazijaisha, ameshauliza: "Mwanangu, huko mlimani kumenyesha?" Mimi niko Kerugoya kwa kazi, chini ya Mlima Kenya, na kwa wavuvi wa nyumbani nimegeuka kuwa mtabiri wa hewa. Kwa miaka miwili nilimpa jibu la kweli lisilomfaa kitu.

Kwa nini aulize? Upepo wa kusi ukishalegea, kabla ya kaskazi kusimama, tunapata maleleji. Mawimbi yanalala, na vyombo vidogo vilivyoshindwa kutoka tangu Juni vinapata nafasi. Jodari, nguru na kolekole wanatafutika. Lakini wakati huohuo mvua za vuli zinaanza bara, na Tana inamwaga maji yake Ghuba ya Ungwana, mlangoni kwetu. Maji mekundu yakishuka, samaki wanahama na magogo yanapita yakipasua nyavu.

Mwaka wa kwanza, Kerugoya kulinyesha siku tatu mfululizo. Nikamwambia ami apandishe jarife zake. Akakaa nchi kavu wiki nzima huku bahari ikiwa safi na wenzake wakiuza nguru. Mwaka uliofuata hapa kulikuwa na jua kali, nikamwambia atoke. Usiku maji yakashuka na magogo, akapoteza vipande viwili vya jarife. Hakunigombeza. Aliuliza tu: "Huo mlima wako una pande ngapi?"

Swali hilo lilinifanya nifuate mito yenyewe. Kerugoya iko upande wa kusini wa mlima. Maji yetu hupita kwanza mikononi mwa watu: Bwawa la Thiba, lililokamilika 2022, na mifereji ya mpunga ya Mwea. Yanayobaki katika mto Thiba huingia bwawa la Kamburu, kisha Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji ya Nyeri na Murang'a nayo hupokewa na Masinga, bwawa kubwa kuliko yote hayo, lililopo tangu 1981. Baada ya kiangazi mabwawa yana nafasi. Mvua za kwanza yanazimeza, na tope jingi linatuama humo humo.

Upande wa mashariki wa mlima mambo ni mengine. Thuci, Mutonga na Kathita hutoka pande za Chuka na Meru na kuingia Tana chini ya Kiambere, ambako hakuna bwawa kubwa la kuyazuia maji. Ongeza makorongo makavu ya Kitui na Garissa, ambayo mvua moja huyageuza mito. Tope la Oktoba na Novemba linaloonekana Kipini sehemu kubwa ni la huko, na linafika baada ya siku kadhaa, likipita Garissa na Garsen. Kwa hiyo sasa sitazami wingu la dirishani kwangu. Nampigia mchuuzi mmoja wa ndizi aliyeko Chuka, kisha namuuliza dereva wa lori wa Garissa mto umefika wapi.

Mabwawa yakijaa pomoni hesabu hii inavunjika. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño ziliifurisha Tana hata barabara ya Garissa ikakatika Mororo. Wakati kama huo mvua ya kila upande ni habari ya Kipini.

Na maji yakishachafuka, kuvua hakukomi. Ami hutafuta mstari ambapo maji mekundu yanakutana na ya buluu, maana samaki wadogo hujazana hapo na nguru na kolekole huwafuata. Yeye hupitisha chambo upande wa buluu, sambamba na mstari, wala haukati. Nguru huwinda kwa macho, kwenye tope hakuoni. Ndani ya tope lenyewe ni kazi ya mshipi wa chini na chambo chenye harufu, ngisi au kipande cha kibua, na utapata fumi. Kamba nao hupenda maji hayo, na meli za kukokota hufungiwa kuanzia Novemba hadi Machi, kwa hiyo mvuvi mdogo ana nafasi yake.

Wapi pa kutafuta buluu? Maadamu kusi bado inavuma, uchafu husukumwa upande wa Lamu, basi elekea Ngomeni. Kaskazi ikishasimama, geuza.

Jambo moja vijana hulipuuza: kuvuka mlango wa mto. Bamvua ikipwa huku mto umejaa, maji yanayotoka hugongana na mawimbi ya bahari na kuinua ukuta wa maji unaopindua mtumbwi. Ami hutoka maji yakiwa yamejaa na kusimama, na wiki ya mafuriko husubiri maji mafu kabisa. Usiku hatandiki jarife mlangoni hata bahari iwe shwari namna gani, kwa sababu gogo halionekani mpaka limeshaingia wavuni.

Juzi alinipigia tena. Kerugoya kulikuwa kukinyesha hata sauti yake naisikia kwa shida. Nilimwambia Chuka bado ni pakavu. Akasema, "Basi natia chombo majini," akakata simu.