Jeraha la Utumwa Katika Nasaba za Pwani

Katika Kiswahili yamo maneno ambayo wazee wengi wa pwani huyatamka kwa sauti ya chini, au wasiyatamke kabisa mbele ya watoto. Mtwana ni mtumwa mwanamume. Mjakazi, mtumwa mwanamke. Mjoli ni mtumwa mwenziwe mtumwa kwa bwana mmoja. Na mzalia ni yule aliyezaliwa utumwani. Neno hili la mwisho lastahili kuangaliwa zaidi, kwa kuwa laonyesha ya kwamba hali ya mzazi ilihesabiwa kuwa urithi wa mwana.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hali ya utumwa ilikoma kutambuliwa na sheria katika Unguja na Pemba mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na katika Tanganyika mwaka 1922. Lakini sheria humfungua mtu mnyororo, haimfuti jina. Muungwana hapo kale alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Leo ni mtu mwenye adabu. Maana hiyo mpya yaficha hukumu ya zamani, ya kwamba asiyekuwa huru hakuwa na adabu. Hali kadhalika neno kufu: lilipotajwa katika mambo ya posa, lilitosha kuufunga mlango pasipo sababu kuelezwa.

Kwa hiyo jamaa nyingi zilichagua kunyamaza. Mwana wa suria aliyezaliwa na bwana alikuwa huru kwa sheria ya Kiislamu, akahesabiwa katika nasaba ya babaye. Bali jina la kwao mama mara nyingi lilipotea. Hapo ndipo jeraha lipitapo kwa wajukuu. Mtoto asiyehadithiwa kisa hupewa amri tu: usiulize, usiposwe nyumba ile, usimjibu mkubwa. Hurithi hofu bila kurithi sababu yake, naye huidhani kuwa ni kasoro ya nafsi yake mwenyewe.

Jambo hili si la pwani peke yake. Huko Kanada, mwaka 1966, tabibu wa maradhi ya nafsi, Vivian Rakoff, aliandika habari za watoto wa wazazi waliookoka kambi za Wanazi. Watoto hao hawakuziona kambi, lakini walikuwa na mashaka mazito. Wataalamu wangali wakijadiliana kama taabu ya namna hii huacha alama mwilini mwa kizazi kifuatacho. Ila malezi, kimya na umaskini ni njia zilizo wazi.

Uponyaji basi waanza kwa kutenga mambo mawili yaliyochanganywa: dhuluma na aibu. Aibu ni ya aliyedhulumu, wala si ya aliyedhulumiwa. Mzee akimweleza mjukuu ya kuwa bibi yake mkuu aliletwa kwa nguvu kutoka bara, akalima, akazaa, akalea, humpa mtu wa kuheshimiwa mahali palipokuwa na siri. Nao wajukuu wa mabwana wana wajibu wao: wasikilize pasipo kujitetea, wala wasilifanye neno mtumwa kuwa tusi la barazani.

Upo mfano mwema karibu na Mombasa. Frere Town ilianzishwa katika miaka ya 1870 kuwa makao ya watu waliokombolewa, na kengele yao imeupa mtaa jina la Kengeleni. Kila alitajaye jina hilo hutaja, ajue asijue, historia isiyofichwa.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Yafaa kukumbuka pia tofauti ya kidonda na kovu. Kidonda kilichofunikwa pasipo kusafishwa huoza. Kovu huonekana daima, lakini mwenye nalo huweza kuguswa asishtuke. Jamaa iwezayo kumtaja mjakazi wake kwa jina, mezani pamoja na watoto, imekwisha kufika kwenye kovu.