Limbwata la Mezani: Ukimroga Mlinzi, Atakupa Funguo?

Hivi mpenzi msomaji, unajua limbwata la aina ngapi? La kwenye chai unalijua, la kwenye mchuzi unalijua, stori zake umezisikia saluni na kwenye daladala. Leo nakuletea la kwenye dadu. Halina mganga, halina kuku mweusi, na wala halijamroga binadamu yeyote wa kweli. Lakini usiku mmoja pale kijiweni kwetu Sinza nusura lituvunjie urafiki!

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Uliingia sokoni Marekani mwaka 1974, kazi ya jamaa wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na mara ya kwanza zilitoka boksi 1,000 tu. Hakuna skrini wala rimoti. Mnakaa mezani, kila mtu na mhusika wake: huyu mwizi, yule mchawi, mwingine bingwa wa panga. Mmoja wenu ni msimamizi. Yeye anasimulia dunia, anaigiza maadui, na neno lake ndilo la mwisho. Ukitaka kufanya jambo la kubahatisha, unarusha dadu ya pande 20.

Sasa sikia ishu. Mhusika wa mshkaji wetu mmoja alikuwa gerezani, alfajiri ananyongwa. Kumfufua mtu kwenye mchezo huu kunataka uganga wa ngazi ya tatu kwenda juu, na sisi hatukuwa nao. Akifa, kafa. Na jamaa alikuwa amemchezea kwa miezi mitatu, amemchora kwenye daftari, amempa mpaka mama mgonjwa na deni la duka. Kwenye geti alisimama mlinzi mmoja, funguo kiunoni.

Mwenye mchawi akanyanyua mkono: "Nampiga Charm Person. Atoe funguo, twende zetu."

Dadu zikarushwa, mlinzi akakolea. Msimamizi akasema, "Haya, mwombe sasa."

"Nimwombe nini? Si nimeshamroga?"

Hapo ndipo palipochimbika!

KITABU KINASEMAJE?

Sisi tunacheza sheria za mwaka 2014. Mimi nikakishika kitabu nikawasomea. Uchawi huu ni wa ngazi ya kwanza, yaani wa wanaoanza. Unampata mtu unayemwona, asizidi futi 30, kama mita tisa hivi. Lazima utamke maneno na kuchezesha mikono, kwa hiyo kama kuna wengine wanakutazama, umeumbuka.

Naye anayerogwa ana haki ya kujinusuru. Kiwango cha mchawi wetu kilikuwa 13, na mlinzi wa kawaida haongezewi kitu kwenye dadu yake. Akipata 13 kwenda juu, kapona. Hiyo ni nafasi 8 kati ya 20, asilimia 40. Kama mmeshaanza kupigana naye, anarusha mara mbili na kuchukua namba kubwa, na nafasi yake inapanda hadi asilimia 64. Kwa hiyo kumzaba mtu kofi halafu ndio umroge ni kujitafutia balaa!

Akishindwa, anakuona kama mtu mnayefahamiana na kuelewana. Basi. Hawezi kukushambulia, na wewe ukimbembeleza unarusha dadu mara mbili, unachukua iliyo nzuri. Inadumu saa moja, na inakatika papo hapo wewe au wenzako mkimdhuru.

Umeona neno "atatii" hapo? Umeona "atakupenda"? Hayapo!

RAFIKI SI MTUMWA

Mwenye mchawi hakukubali. Alijifunza mchezo kwa vitabu vya zamani vya kaka yake, na huko hakuwa anadanganya. Mwaka 1974 aliyerogwa aliwekwa chini ya mchawi moja kwa moja, mpaka uchawi uondolewe. Kitabu cha 1978 kikapima akili: mbumbumbu kabisa alikaa miezi mitatu ndipo ajaribu tena kujinasua, mwenye akili ya kupindukia siku moja. Limbwata hili limekuwa likipunguzwa makali mwaka hadi mwaka mpaka likabaki saa moja, na sheria mpya za 2024 nazo zimeiacha saa moja hiyo hiyo.

Dada mmoja wa kijiweni, anasoma sheria, ndiye aliyemaliza ubishi. Akasema tutazame ngazi. Kwenye ngazi ya pili kuna Suggestion: unampa mtu ushauri unaosikika wa maana, naye anaufuata. Kwenye ngazi ya tano kuna Dominate Person: unamwendesha kama gari, tena hata huo ukiwa wa kawaida ni dakika moja tu. "Kama wa ngazi ya kwanza unakupa mtumwa wa saa nzima," akauliza, "nani atahangaika kujifunza wa ngazi ya tano?"

Kimya!

Akaongeza la pili, na hili alilisema bila kucheka. Kuna wachezaji wanaotaka kumpiga uchawi huu mhudumu wa baa wampeleke chumbani. Kitabu kinampa urafiki, hakimpi mapenzi. "Siku mkilichezea hapa hivyo," alisema, "mimi nachukua mkoba wangu naondoka." Nilimwelewa. Stori ni ya kutunga, lakini anayekaa naye mezani ni mtu kweli.

TUKAOMBA LA KIRAFIKI

Basi swali likageuka: mlinzi anayekufahamu tu atakufanyia nini? Funguo hakupi, maana kesho atanyongwa yeye. Lakini ukimwomba umuage ndugu yako na kumpa mkate wa mwisho? Hilo mtu na roho yake anaweza kulifanya. Jamaa akarusha dadu mbili: 6 na 17. Mlinzi akafungua kidogo, mkate ukaingia, na ndani ya mkate kulikuwa na vifaa vya mwizi vya kufungulia kufuli. Kabla jogoo hajawika mfungwa alikuwa nje ya ukuta.

Ila ile saa moja ikaisha. Na kitabu kinasema wazi: uchawi ukiisha, aliyerogwa anajua karogwa, na anajua ni nani. Wiki iliyofuata msimamizi akatuambia yule mlinzi kawekwa kwenye seli ile ile, anangoja hukumu kwa niaba yetu. Aliyedai turudi kumtoa ni mshkaji yule yule tuliyemwokoa. Nusu ya meza inasema tumwache, nusu inasema twende. Mimi niko upande wa kwenda.

Na wewe uliyetia kitu kwenye chai ya mwenzio, kaimwage kabla saa haijaisha! Tukutane wiki ijayo.