Siku ya Saba Iitwayo Jumamosi: Misingi ya Imani ya Kiyahudi na Msamiati wa Kiswahili Kasese na Bwera

1.0 Utangulizi

Katika Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, Kiswahili husikika sokoni na hasa mpakani Mpondwe, mkabala na Kasindi ya Kongo. Wakazi wengi ni Wakristo, Waislamu wapo, na Waadventista Wasabato wanafahamika vyema. Uyahudi, kwa upande wake, hufahamika zaidi kupitia vitabu vya dini hizo. Makala haya yanafafanua misingi ya Uyahudi kwa kutumia maneno manne ambayo Kiswahili tayari kinayo: agano, Torati, Masihi na Sabato. Hoja kuu ni kwamba maneno hayo yamebeba maana za dini nyingine, hivyo yasipofafanuliwa yanaweza kumpotosha mwalimu na hata mtunga sera.

Suala hili si la ng'ambo tu. Mwaka 1919, Semei Kakungulu alianzisha jumuiya ya Abayudaya karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda. Jumuiya hiyo ilistahimili marufuku ya Idi Amin katika miaka ya 1970, na mmoja wao, Gershom Sizomu, alipata daraja la urabi mwaka 2008.

2.0 Agano, Torati na Masihi

Msingi wa kwanza wa Uyahudi ni kwamba Mungu ni mmoja, hana mshirika wala umbo. Mungu huyo alifanya agano na Ibrahimu na uzao wake, kisha akawapa Waisraeli sheria huko Sinai. Kwa Myahudi, agano hilo halijapata kuwa "la Kale", kwa kuwa halikufuatwa na jingine. Ndiyo maana kuyaita maandiko yake "Agano la Kale" ni kuyatazama kwa jicho la Kikristo.

Torati nayo ni zaidi ya vitabu vitano vya Musa. Kando ya Torati iliyoandikwa ipo Torati ya mapokeo ya mdomo, iliyokusanywa katika Mishna mnamo mwaka 200 BK na kujadiliwa kwa kina katika Talmudi. Marabi huhesabu amri 613. Amri hizo hugusa ibada, biashara, ndoa na hata chakula: samaki anayeruhusiwa sharti awe na mapezi na magamba, hivyo ngege wa Ziwa George analiwa, ilhali kambale haliwi.

Katika karne ya 12, Maimonides alifupisha imani hiyo katika misingi 13, mmojawapo ukiwa kuja kwa Masihi. Hapa pia neno ni moja na maana ni mbili: Masihi wa Wayahudi ni mwanadamu wa ukoo wa Daudi ambaye bado anangojewa.

3.0 Sabato

Neno la nne ndilo lenye mtego mkubwa zaidi. Sabato ni siku ya saba, lakini Kiswahili huiita Jumamosi, yaani siku ya kwanza baada ya Ijumaa. Hata hivyo, neno Alhamisi, lenye asili ya Kiarabu na maana ya siku ya tano, hufuata hesabu inayoanzia Jumapili, kama ile ya Wayahudi. Kiswahili, basi, kimehifadhi hesabu mbili za juma.

Aidha, Sabato huanza jua linapotua siku ya Ijumaa. Jambo hili si geni kwa Kiswahili cha jadi, ambamo usiku hutangulia mchana wake. Huko Bwera jua hutua karibu na saa moja jioni mwaka mzima, na Kasindi, hatua chache tu ng'ambo, saa huonyesha kumi na mbili. Sabato haiangalii saa ya serikali yoyote, huangalia jua.

4.0 Athari kwa sera

Mwaka 2006, Mahakama ya Juu ya Uganda iliitupa rufaa ya wanafunzi Waadventista dhidi ya Chuo Kikuu cha Makerere kuhusu masomo na mitihani ya siku ya Sabato. Kwa mwanafunzi, tafsiri ya siku moja yaweza kumgharimu shahada.

Mshauri wa sera akilisikia neno Sabato atawafikiria Waadventista, ambao huifundisha kuwa amri kwa wanadamu wote. Uyahudi huiona kuwa ishara ya agano la Israeli. Wasio Wayahudi hawadaiwi kuishika, bali hutarajiwa kufuata amri saba za Nuhu. Myahudi anayeomba ahirisho la mtihani hamtaki jirani yake abadili kalenda.

5.0 Hitimisho

Tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Ibara ya 29 inalinda uhuru wa kuabudu. Inapendekezwa kwamba vitabu na kamusi za Kiswahili zitoe fasili ya maneno haya kwa kila dini inayoyatumia. Haki ya mwenye imani ndogo huanza pale imani yake inapoelezwa kwa maana yake yenyewe.