Je, Wajua? Dawa ya Mtetemeko Imo Ndani ya Upupu

Upupu una kazi nyingine
Ule upupu ambao wanafunzi watundu huupaka kwenye viti vya wenzao, mbegu zake zimejaa levodopa, dawa ambayo mpaka leo haijapata mpinzani katika kutuliza ugonjwa wa Parkinson. Mgonjwa hutetemeka na kukakamaa kwa sababu ubongo wake umepungukiwa na kemikali iitwayo dopamini. Kumpa dopamini yenyewe ni kazi bure, maana haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Levodopa huvuka, na ikishafika ndani hugeuka kuwa dopamini! Waganga wa India walizitumia mbegu hizo kwa karne nyingi. Lakini tafadhali, usikimbilie kichakani: kipimo ni kazi ya daktari.

Banjo katika chumba cha upasuaji
Mwaka 2008, mjini Nashville, Marekani, mwanamuziki Eddie Adcock alipiga banjo huku madaktari wakipitisha waya ndani ya ubongo wake ili kutuliza mtetemeko wa mikono yake. Ubongo hausikii maumivu, kwa hiyo ganzi ya kichwani ilitosha, na vidole vyake ndivyo vilivyowaambia madaktari kama waya umefika panapotakiwa. Waya huo huunganishwa na betri iliyofukiwa chini ya ngozi ya kifua, ikipeleka mipigo ya umeme zaidi ya 100 kila sekunde. Mwanzilishi wa tiba hii ni Alim-Louis Benabid wa Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Zamani mahali hapo ubongoni paliunguzwa, na kilichoungua hakirudi. Umeme, ukileta shida, unapunguzwa au kuzimwa.

Ajali iliyotibu
New York, 1952: katikati ya upasuaji wa ubongo wa mgonjwa wa Parkinson mshipa wa damu unapasuka, Dkt. Irving Cooper anaufunga na kusitisha upasuaji. Mgonjwa anazinduka, mtetemeko haupo!

Sumu ya kopo bovu
Si mikono tu inayokataa kutii, macho nayo: sumu ya botulini, inayoweza kuua kupitia chakula cha kopo kilichosindikwa vibaya, iliidhinishwa Marekani mwaka 1989 kutibu makengeza na kope zinazojifumba zenyewe. Urembo wa kuondoa makunyanzi ulifuata baadaye.

Kisu cha sauti
Tangu 2016 Marekani inaruhusu mtetemeko wa mikono utibiwe kwa sauti isiyosikika. Vyanzo 1,024 hulenga nukta moja ubongoni na kuiunguza, kama lenzi inavyokusanya jua ikachoma karatasi. Fuvu halitobolewi. Nywele tu ndizo hunyolewa, zote.