Hadhi ya Darasa la Awali Nachingwea na Ruangwa

Elimu ya awali, yaani mafunzo anayopewa mtoto kabla ya kuingia darasa la kwanza, ilitambuliwa rasmi na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, na tangu mpango wa elimu bila ada uanze kutekelezwa Januari 2016, shule za umma nchini zimekuwa zikipokea watoto wengi kuliko nafasi zilizoandaliwa. Kwa shule za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, hatua ya kwanza ya kuiboresha elimu hiyo imo katika mamlaka ya mwalimu mkuu mwenyewe, nayo ni kulipatia darasa la awali mwalimu asiyehamishwahamishwa. Katika shule nyingi za vijijini, mwalimu mahiri hupelekwa darasa la nne au la saba kwa sababu ya mitihani ya taifa, ilhali msingi wa kusoma na kuhesabu unaopimwa na mitihani hiyo hujengwa na yule aliyeachiwa watoto wa miaka mitano.

Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Pale ambapo idadi ni kubwa mno, shule inaweza kuwagawa watoto kwa zamu na kuandaa kona za ujifunzaji, yaani sehemu za darasa zenye zana za aina moja, kama vile kona ya kuhesabu au ya hadithi, ambamo kikundi kidogo hujifunza kwa kucheza huku mwalimu akiongoza kikundi kingine. Zana za kufaragua, zile zinazotengenezwa kwa vitu vilivyopo, hazihitaji bajeti kubwa: mbegu za ukwaju, vizibo vya soda na vijiti hutosha kumfundisha mtoto kupanga, kulinganisha na kuhesabu. Korosho yenye ganda, ijapokuwa imejaa kila kijiji, isitumike kamwe, kwa kuwa mafuta ya ganda lake huunguza ngozi.

Lugha nayo inadai uangalifu, kwani mtoto aliyelelewa na bibi anayezungumza Kimwera anaweza kukaa kimya darasani kwa wiki kadhaa akadhaniwa mzito wa kuelewa. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza na kuufikia pia Mkoa wa Lindi, uliwatumia wasaidizi waliotoka katika jamii zenyewe kuwaandaa watoto kwa hadithi, nyimbo na michezo ya Kiswahili. Njia hiyo inafaa kuendelezwa, hata kwa kumwalika mzazi mmoja asimulie hadithi mara moja kwa juma.

Jambo linalosahaulika zaidi ni msimu. Muhula hufunguliwa Januari, wakati wa kilimo, ambapo baadhi ya familia huhamia mashambani na akiba ya chakula huwa imepungua, kwa hiyo mahudhurio hushuka hata mwalimu awe hodari namna gani. Kamati za shule zingefanya vyema kukubaliana na wazazi kuhusu mchango wa uji wakati wa minada ya korosho inayosimamiwa na RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kati ya Oktoba na Desemba, fedha zinapokuwa mikononi, ili unga na sukari viwepo stoo siku shule inapofunguliwa, na asirudishwe nyumbani mtoto yeyote ambaye mzazi wake hakuwa na cha kuchangia.