Moteri inalia lakini haizunguki: tujitengenezee kipimo cha kondansateri na bobini



Wakati wa kusaga mihogo, tatizo moja linarudi kila mara katika kooperative za Fizi na Baraka. Mashini inawashwa, moteri inalia "uuuu", inapata moto, lakini haizunguki. Mara nyingi wanachama wanachanga franka, moteri inapakiwa kwenye gari mpaka Uvira, na huko inafungwa bobini mpya. Kumbe wakati mwingine bobini zilikuwa nzima. Kilichokufa ni kile kikopo kidogo kilicho juu ya moteri, kondansateri, ambacho bei yake iko mbali sana na bei ya kufunga bobini.

Katika ukurasa huu tunaeleza namna ya kutengeneza kipimo cha bei ndogo, ili kooperative ijue ukweli kabla ya kutoa pesa.

Kondansateri inafanya kazi gani?

Moteri ya umeme wa nyuzi mbili ina bobini mbili ndani. Fikiria wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja: mchi mmoja ukipanda, mwingine unashuka. Wakipiga wote kwa mara moja, kazi inaharibika. Kondansateri ndiyo inafanya bobini ya pili ipige kwa zamu yake. Ikidhoofika, zamu inapotea na moteri inabaki kulia tu.

Ukubwa wa kondansateri umeandikwa juu yake kwa mikrofaradi (µF), kwa mfano 40 µF. Inaweza kupoteza ukubwa huo polepole bila kuvimba na bila kutoa harufu, kwa hiyo kuitazama kwa macho hakutoshi.

Vitu vya kutafuta

- Batri ya 12 V, hata ya pikipiki.
- Testeri ya kawaida, ile ndogo ya bei ya chini inatosha.
- Rezistansi ya megaomu 1 (rangi kahawia, nyeusi, kijani).
- Rezistansi ya omu 100, kubwa ya wati 5.
- Swichi ya kengele, ile inayoshika wakati unaibonyeza tu.
- Kondansateri moja mpya ya ukubwa unaojulikana. Hii ndiyo "jiwe la mizani" letu.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.

Namna ya kuunga

Kutoka kwenye + ya batri, unga omu 100, halafu swichi, halafu mguu wa kwanza wa kondansateri. Mguu wa pili unaenda moja kwa moja kwenye − ya batri. Rezistansi ya megaomu 1 inaungwa kati ya miguu miwili ya kondansateri. Testeri pia inashika miguu hiyo miwili, ikiwekwa kwenye volti za batri (DC), alama ya 20.

Namna ya kupima

1. Bonyeza swichi kwa sekunde tano. Testeri itaonyesha karibu volti 12.
2. Achilia. Namba zitaanza kushuka.
3. Zikifika volti 10, anzisha saa. Zikifika volti 4, simamisha.
4. Fanya mara tatu, uandike sekunde.

Anza na kondansateri mpya, halafu pima ile ya zamani kwa vifaa vilevile. Hesabu yake ni hii: sekunde za ile ya zamani, mara ukubwa wa ile mpya, gawanya kwa sekunde za ile mpya.

Mfano: ile mpya ya 40 µF imechukua sekunde 33. Ile ya zamani, nayo imeandikwa 40, imechukua sekunde 20. Basi 20 × 40 ÷ 33 = 24. Imebaki na 24 tu. Hiyo ibadilishwe.

Kwa nini tunalinganisha? Kwa sababu testeri yenyewe inakunywa umeme kidogo, na kila testeri inakunywa kwa kiasi chake. Kwako mpya inaweza kuchukua sekunde 18 badala ya 33. Si kosa. Sawa na kopo la kupimia maharagwe: likiwa kubwa au dogo, kama mnunuzi na muuzaji wanatumia kopo lilelile, hakuna anayeibiwa.

Kwa kondansateri ya moteri inayobaki kazini muda wote, ikiwa imepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi, tunashauri ibadilishwe. Mpya iwe na µF zilezile, na volti zilezile au zaidi.

Kuwa makini

- Zima jenereta na chomoa moteri kabla ya kufungua kitu chochote. Kondansateri inaweza kushika umeme hata baada ya kuzima. Gusisha miguu yake kwa waya za balbu ya kawaida ya nyuzi kwa sekunde chache kabla ya kuishika kwa mkono.
- Ukikuta rezistansi ndogo imechomelewa kati ya miguu ya kondansateri, itoe upande mmoja kwanza, la sivyo kipimo kitadanganya.
- Kondansateri za radio na za inverta zina upande wa + na wa −. Usigeuze. Na ziwe zimeandikwa volti 16 au zaidi.
- Usijaribu kuusukuma mkanda wa mashini kwa mkono ili moteri ianze. Mkanda unaweza kuondoka na vidole.

Kipimo hiki kina mpaka wake: kinatumia volti 12 tu. Kondansateri inaweza kupita hapa na bado ikashindwa kwenye volti 220. Lakini ikianguka hapa, imekufa kweli.

Na bobini je?

Bobini inapimwa kwa henri (H). Hapa fundi anahitaji transfo ndogo inayotoa 12 V ya umeme wa kubadilika (AC), iliyofungwa vizuri ndani ya boksi. Unga ile omu 100 na bobini kwa mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, kwenye 12 V hiyo. Weka testeri kwenye AC. Pima volti juu ya rezistansi, kisha juu ya bobini.

Tuseme rezistansi inaonyesha 6 na bobini 9. Basi 100 × 9 ÷ 6 = 150. Zima, chomoa bobini, pima omu zake: tuseme 30. Sasa 150 × 150 ni 22 500. Toa 30 × 30, yaani 900. Inabaki 21 600. Kipeuo chake cha pili ni karibu 147. Gawanya kwa 314: bobini ina karibu 0,47 H. Hiyo 314 ni ya umeme wa hezi 50. Jenereta ikikimbia haraka au polepole, jibu linahama nayo. Kwa hiyo, hata hapa, ni vizuri kupima bobini nzima ya aina ileile na kulinganisha.

Shauri letu

Kila kooperative ichague watu wawili, mwanamke na mwanaume, wa kutunza kipimo hiki. Wawe na daftari: tarehe, mashini gani, sekunde ngapi. Pimeni kabla ya mavuno, wakati bado kuna nafasi ya kuagiza kipande kipya. Na siku fundi atakaposema "bobini zimeungua", msibishane naye. Mwombeni tu asubiri kidogo, mlete batri, testeri na simu, mpime kondansateri pamoja naye.